Kweli Kuhusu Samaki wa Mama Theresia

Ifakara, Jumamosi alasiri

Skola mwanangu,

Najua ni ajabu kumwandikia barua mtu ambaye nitakula naye ugali jioni hii hii. Umekwenda Michenga kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kuandika bila kuulizwa naandika nini. Barua hii nitaitia kwenye begi lako, chini ya zile nguo ulizokunja juzi. Isome ukiwa ndani ya basi, mkishapita Mikumi, ukishamaliza kulia kama utalia.

Habari za shuka, chandarua, dawa, na kutopokea soda ya mtu usiyemjua, mama yako amezisema zote, na nyingine amezisema mara nne. Siongezi neno. Mimi nina jambo moja tu ambalo nimelikalia tangu ukiwa mdogo. Linamhusu Baba Mkubwa Masanja.

Wewe umemjua Masanja kama mtu wa nyumbani. Ndiye aliyekufundisha kuamkia Kisukuma ukawa unawaamkia hata kuku. Ndiye aliyekubeba mabegani mwaka ule maji yalipoingia mpaka jikoni. Mtu akiuliza tulijuana wapi, tunajibu kwamba kazini, na si uongo. Lakini hapo katikati kuna kipande tumekiruka siku zote, na kosa lililomo ni langu mimi, si lake. Unakwenda chuo huko Kanda ya Ziwa kusomea samaki. Nimeona usiondoke hapa ukidhani baba yako alizaliwa anajua kuwatunza.

Ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya Mama Theresia. Natandika vitanda, nafagia uwanja, napokea wageni nikiwa nimevaa shati ambalo mama yako alikuwa akilipiga pasi kila asubuhi. Pale mapokezi palikuwa na tanki la vioo, refu kuliko kitanda cha mtoto, na ndani yake samaki sita aina ya diskasi. Wewe umekua nao, huwezi kujua ilivyokuwa kuwaona mara ya kwanza. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Samaki niliyemjua ni kambale na kitoga, samaki wa kupasua na kubanika. Hawa walikuwa wa mviringo, bapa kama sahani iliyosimamishwa, wekundu wenye mistari ya buluu, wanakwenda taratibu kama watu waliovaa nguo za harusi. Nilimuuliza Mama Theresia kama wanaliwa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Walikuwa wa marehemu mume wake, Mzee Kaspari, ambaye alikuwa mpima ardhi na aliwapenda samaki hao kuliko alivyowapenda wageni wake. Tanki lilikuja kwa lori kutoka Dar es Salaam limefungwa kwa magodoro. Mzee alifariki kabla sijaajiriwa. Mama Theresia akabaki na samaki, na kila jioni alivuta kiti akakaa mbele yao akiwa na kikombe cha chai, hasemi na mtu. Sisi wafanyakazi tulijua saa hiyo haulizwi kitu.

Masanja alikuwa mlinzi. Alikuwa amekuja bondeni na kaka yake na ng'ombe, wakitokea Kanda ya Ziwa, kisha mambo ya malisho yakawa magumu, yeye akatafuta kazi mjini. Ulikuwa wakati mbaya wa kuwa Msukuma hapa kwetu. Wakulima na wafugaji walikuwa wanatazamana kwa jicho la pembeni. Ng'ombe akila mpunga wa mtu Idete, sokoni Ifakara Masanja ndiye anayekatwa jicho. Yeye alivumilia, akawa anasalimia watu hata wasipoitikia. Asubuhi kabla ya kwenda kulala alipita mapokezi kuwahesabu samaki. Sita. Ndipo anaondoka.

Sasa kosa langu la kwanza. Mama Theresia alikuwa amekwenda Mahenge kwenye misa ya kumkumbuka mume wake. Nikataka akirudi akute tanki linang'aa. Maji yalikuwa na rangi hafifu kama chai iliyozimuliwa, kwa sababu ya lile gogo lililokuwa ndani, nami niliona aibu kwa ile rangi. Niliwatoa samaki nikawatia kwenye ndoo, nikamwaga maji yote. Nikasugua vioo kwa sabuni ya unga. Nikatoa sponji la kwenye chujio, jeusi, lina utelezi, nikalifua kwa sabuni mpaka likawa jipya. Kisha nikachomeka mpira bombani nikajaza maji, nikawarudisha samaki. Skola, lile tanki lilimeremeta. Ungeweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili. Nilisimama nikajipongeza.

Asubuhi wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya maji. Waliobaki walikuwa wamegeuka weusi, wamejibana kona moja, wanahema mbio mbio. Kufikia saa sita wakafa wengine wawili. Mama Theresia aliingia saa nane akiwa bado na kitenge cha safari, akakuta wawili tu.

Hakupiga kelele. Aliweka mkoba chini akauliza nani aliyagusa maji yale.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, "mimi." Badala yake nilisema, "Nilisafisha tu, mama. Lakini juzi jioni nilimwona Masanja ametia mkono humo, na yeye huwa anaogesha ng'ombe wa kaka yake kwa dawa ya kupe."

Nataka uelewe namna sentensi ile ilivyotengenezwa, kwa sababu ndivyo watu wazima wanavyodanganya. Ni kweli Masanja alitia mkono. Gogo lilikuwa limeanguka akaliinua. Ni kweli pia aliogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, lakini ilikuwa siku nne kabla ya hapo, na alikuwa ameoga na kufua. Nilichukua mambo mawili ya kweli nikayaweka karibu karibu, yakatoa uongo. Tena nilijua nauambia mji gani. Nilijua kwamba akisemwa Msukuma na dawa ya ng'ombe, hakuna atakayeuliza swali la pili.

Na kweli hakuna aliyeuliza. Masanja aliitwa. Mama Theresia alimwuliza kama alitia mkono kwenye tanki, akasema ndiyo. Akamwuliza kama alishika dawa ya kupe wiki ile, akasema ndiyo. Kisha akatazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena. Hakujitetea. Nilidhani hakujitetea kwa sababu ya woga. Alikunja koti lake na blanketi, akachukua tochi yake, akaondoka. Aliponipita mlangoni aliniambia niwaangalie wale wawili waliobaki.

Mama yako usiku ule alinipakulia, nikashindwa kula. Nikamwambia nina malaria.

Ikapita miezi mingi. Rafiki mmoja wa Mzee Kaspari alisikia habari, akamtumia Mama Theresia diskasi wengine wanne, wakaja kwa basi ndani ya mifuko yenye hewa, ndani ya boksi la povu gumu la kutunza joto. Wakakaa vizuri majuma kadhaa. Kisha maji yakaanza tena ile rangi ya chai, nami nikafanya yale yale. Nilimwaga nusu tu safari hii, lakini sponji nilifua kwa sabuni, na maji nikatoa bombani moja kwa moja. Siku ya pili samaki wakaanza kuwa weusi.

Wakati ule alikuwa amepanga chumba namba tatu dada mmoja anaitwa Rehema, fundi wa kupima maji. Alikuwa anazunguka kwenye visima vya vijijini, leo Kisawasawa, kesho Idete, na jioni anarudi vumbi tupu, amebeba sanduku la vichupa. Aliwaona samaki kabla hajachukua ufunguo. Akaniuliza wamekuwa hivyo tangu lini, na nimewafanyia nini. Nilimweleza kwa fahari kabisa namna ninavyosafisha, nikagusia pia kwamba kuna wengine walikufa mwanzoni.

Hakunigombeza. Alichota maji ya tanki kwenye kichupa, akadondoshea matone ya dawa, akakitikisa, akaniambia nitazame. Maji yakageuka kijani kibichi. Akachota ya ndoo ya mvua iliyokuwa nje, akafanya vile vile, yakabaki njano. Akasema ile kijani ni amonia, sumu inayotoka kwenye mavi na mkojo wa samaki wenyewe na kwenye mabaki ya chakula. Haina rangi, huwezi kuiona kwa macho hata maji yawe maangavu namna gani.

Akanifafanulia kwa maneno niliyoyakumbuka mpaka leo. Samaki anakula humo, analala humo, anajisaidia humo, hana pa kwenda. Kinachomwokoa ni vijidudu vizuri vinavyoishi kwenye ule utelezi mweusi wa sponji. Hivyo ndivyo vinavyoila ile sumu na kuigeuza kitu kisichodhuru sana. Mimi nilipolifua sponji kwa sabuni niliviua vyote. Na maji ya bomba yana dawa ya kuulia vijidudu, ni nzuri kwa tumbo la mtu, lakini inachoma mashavu ya samaki, tena inavimaliza hivyo vichache vilivyosalia. Kuhusu ile rangi ya chai niliyoionea aibu, alisema huko diskasi wanakotoka, kwenye mito ya Amerika ya Kusini, maji yana rangi hiyo hiyo kwa sababu ya majani na magogo. Walikuwa nyumbani, mimi ndiye niliyewahamisha.

Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mchele, "Wa mwanzo nao walikufa hivi hivi?"

Nikasema ndiyo.

Hakujua alichouliza. Lakini mimi nilikuwa nimeshikilia kichupa cha kijani mkononi na nikajua kwa hakika, si kwa kukisia tena. Kabla ya hapo nilikuwa na kajificho kadogo moyoni. Labda ilikuwa kweli ni dawa ya kupe. Labda. Siku ile kajificho kale kakabomoka.

Samaki wote sita tuliwaokoa. Rehema alikaa siku sita, nami nikawa mwanafunzi wake. Tulianza kubadilisha maji kidogo kidogo kila siku, robo tu, kwa maji yaliyolala kwenye pipa siku mbili bila mfuniko, yaliyochanganywa na ya mvua. Ya mvua ni laini na diskasi wanayapenda, ila mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati tuliiacha ipite. Maji mapya tuliyapasha kwanza yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, tukapima kwa kipimajoto cha tanki ili yasipishane na ya ndani. Sponji tulilikamua tu ndani ya ndoo ya maji yale yale ya tanki tuliyoyatoa, bila sabuni. Moyo wa ng'ombe uliosagwa tuliwapa kidogo, na kilichobaki baada ya dakika chache tulikinyonya kwa mpira. Siku ya tatu weusi ukaanza kutoka. Siku ya tano wakaja kioo cha mbele kuomba chakula. Haya unayajua yote, umeyafanya kwa mikono yako tangu ukisimama juu ya kigoda. Nayaandika ili ujue yalikotoka.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Nililijua jambo lile nikanyamaza. Mama Theresia alikuwa akiwaonyesha wageni, anawaambia Filbert huyu ana mkono wa dawa. Akanifanya msimamizi. Nikapewa ufunguo wa stoo. Na kila siku niliyonyamaza ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa nisingekiri jambo moja, ningekiri na siku zote zile za kukaa kimya. Uongo niliousema kwa woga ulichukua muda wa kumeza mate. Ule mwingine niliuishi, nikiamka nao na kulala nao, nikavaa shati la pasi juu yake. Ukinikumbuka kwa lolote katika barua hii, nikumbuke hapo. Woga wa siku moja nausamehe kwa mtu yeyote, hata kwangu. Miezi ile kumi naionea aibu mpaka leo.

Kilichonivunja ni furaha. Diskasi wawili walichaguana wakaanza kusafisha kipande cha gogo kwa midomo yao, wakataga. Mayai yakaanguliwa. Vile vitoto, vidogo kuliko kope, vikaenda kujibandika ubavuni mwa wazazi wao, vikala ule ute wa mwilini. Baba akichoka anajitikisa, vinahamia kwa mama. Wewe nilikuleta uone. Ulisimama umeweka paji la uso kwenye kioo ukasema wanamlamba mama yao. Mama Theresia alilia. Alisema Kaspari alilisubiri jambo hilo miaka yote na hakuliona. Kisha akafuta macho akasema, "Na yule Msukuma alikaribia kuninyang'anya haya."

Nilikuwa nimekushika mkono. Nikakuambia nenda kwa shangazi wa jikoni akupe andazi. Ulipoondoka nikamweleza yote. Sabuni, bomba, siku nne, ile sentensi, Rehema na kichupa chake, na miezi niliyonyamaza.

Mama Theresia aliendelea kutazama samaki. Nilingoja aniambie nikabidhi ufunguo. Alisema, "Hata mimi sikuuliza. Nilimwuliza maswali mawili tu nikaridhika." Halafu akasema, "Nenda ukamtafute. Usirudi hapa kabla hujamwona."

Nilipanda pikipiki mpaka Idete, na kutoka hapo nikauliza njia kwa mguu. Ulikuwa wakati wa kuvuna. Watu waliniambia kaka yake Masanja yuko mbele, ng'ambo ya vichaka vya matete, ng'ombe wamepungua na sasa wanalima mpunga kama sisi. Nilimkuta kwenye jaruba, ameinama na mundu. Aliponiona alisimama, akanipa shikamoo ya utani kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi shambani. Akanipeleka kivulini, akaniletea maji ya kunawa na kibuyu cha mtindi. Hakuniuliza nimefuata nini. Kwao mgeni anakunywa kwanza.

Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Wale wawili wapo?"

Nikamwambia wapo. Nikamwambia na wengine wamekuja, na wamezaa. Akafurahi, akauliza wanazaaje, nikawa namweleza habari ya vitoto na ubavu wa mama, nikijua naiba muda. Mwishowe nikasema. Nilisema nikitazama kibuyu. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyewaua kwa sabuni na maji ya bomba, na kwamba nilimtaja yeye ili nisitajwe mimi.

 Nilitegemea anipige, na ningekubali. Mkono wake ulikuwa kwenye goti, akaugeuza kiganja juu, kama alivyofanya siku ile.

"Kwa hiyo sikuwaua mimi?" akauliza.

Skola, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Miezi yote ile nilidhani Masanja yuko mahali fulani ananilaani kwa kusingiziwa. Kumbe aliniamini. Alikiri mbele ya Mama Theresia kwa sababu alidhani ni kweli. Aliniambia, pale kivulini, kwamba tangu siku ile alikuwa akinawa kwa majivu na mchanga kabla ya kugusa chakula cha watoto wa kaka yake. Ndama akizaliwa alikataa kumshika. Alifikiri mikono yake ina kitu kisichotoka. Mimi nilichukua kazi yake, hilo nililijua. Sikujua kwamba nilimfanya mtu aiogope mikono yake mwenyewe.

Masanja hakungoja niseme zaidi. Akainuka akarudi jarubani. Baada ya muda nikavua viatu nikamfuata, nikaomba mundu. Nilivuna naye siku tatu. Mchana tulipokula hakuniongelesha zaidi ya kunipa chumvi. Siku ya nne akafunga vitu vyake kwenye lile lile blanketi akasema twende.

Mama Theresia alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, akiwa amesimama, na yeye ni mwanamke ambaye hakuwahi kuinuka kwenye kiti hata kwa mkuu wa wilaya. Alimtaka arudi kwenye ulinzi. Masanja akakataa. Alisema kama inawezekana afundishwe maji. Kwa hiyo mimi, niliyemfukuzisha kwa sababu ya tanki, ndiye niliyewekwa kumfundisha tanki. Ningependa kukuambia tulikumbatiana. Hapana. Miaka miwili hivi tuliongea habari za samaki peke yake. "Pipa limelala siku ngapi." "Sponji limekamuliwa." "Yule mkubwa ameanza weusi mkiani." Nikileta habari nyingine anaondoka. Nami nikajifunza kutomharakisha. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mtu akishakiri amemaliza, na mwenzake anadaiwa jibu. Masanja hakuwa na jibu la kunipa, na ilikuwa haki yake.

Kisha ukaja mwaka wa ile nguzo iliyoanguka na mvua, umeme ukakatika siku mbili nzima. Pampu zikasimama. Samaki bila pampu wanakosa hewa, na vijidudu vya kwenye sponji navyo vinakufa maji yakisimama. Tulikaa mimi na Masanja huku na huku ya tanki, kila mtu na kopo lake, tunachota maji na kuyamwaga kutoka juu yaingie hewa. Kuchota na kumwaga, tangu asubuhi. Mama yako alituletea uji akatuona kama vichaa. Siku ya pili mchana, mikono imekufa ganzi, Masanja akaanza tu kunihadithia habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akichota maji ziwani na kuyachuja kwa kitambaa cha kanga. Aliongea mpaka umeme uliporudi. Aliposikia pampu imeshika, akaweka kopo chini akasema, "Filbert, nina njaa, twende kwako." Hiyo ndiyo siku aliyokula kwetu mara ya kwanza. Ulikuwa darasa la kwanza. Ulimpa mkono wa kushoto, mama yako akakugombeza.

Mengine unayajua. Mama Theresia alipozeeka akahamia kwa binti yake Mahenge, na tanki alituachia sisi wawili, akasisitiza yaandikwe majina mawili. Sasa matanki ni tisa, na vitoto vya diskasi waliozaliwa hapa Ifakara vinaogelea kwenye nyumba za watu tusiowajua, Morogoro, Dodoma, Dar. Nimekuwa mtu wa furaha, Skola. Sikutegemea kusema hivyo kwa umri huu, lakini ndivyo ilivyo. Asubuhi naamka, naangalia rangi zao na namna wanavyohema kabla sijanywa chai, na najua siku yangu itakuwaje.

Jumapili iliyopita nilimwomba Masanja ruhusa ya kukuandikia haya, maana hadithi ni yake zaidi kuliko yangu. Alifikiri kidogo. Akasema, "Mwambie. Ila usimwambie nilikusamehe siku ile pale shambani, watu wanapenda kusema hivyo. Mwambie nilichelewa." Kwa hiyo nakuambia, alichelewa.

Huko chuoni utajifunza mengi kuliko tuliyokufundisha sisi, kwa mashine ambazo sijawahi kuziona. Utakosea pia. Samaki watakufa mikononi mwako, hilo halina njia ya kuepuka, na mtu atasimama mlangoni na mkoba wa safari akiuliza nani aliyagusa maji. Sikuombi usiwe na woga. Mimi ningekuwa na woga hata leo. Nimekueleza tu kilichompata mtu aliyejibu vibaya, na kilichompata yule aliyesimama karibu naye.

Mpaka upate chumba chuoni utakaa kwa Mama Kabula, dada yake Masanja. Hili mama yako alikuambia, lakini hakukuambia kwamba Mama Kabula anajua kila kitu. Wakati ule Masanja alipofukuzwa, dada huyo ndiye aliyekuwa akimpigia simu na kumwambia asinawe tena kwa mchanga, mikono itachanika. Tulipomwuliza kama atakupokea, nilikaa karibu na simu ya Masanja nasikiliza. Aliuliza, "Ni binti wa yule Filbert?" Masanja akasema ndiyo, wa yule yule. Akasema sawa, aje, na aje na nguo nzito kidogo, asubuhi ziwani kuna upepo.

Kwa hiyo ukifika, mwamkie vizuri kwa Kisukuma chako. Na akikuuliza wewe ni nani, usijitambulishe kwa jina lako pekee. Mwambie wewe ni Skolastika, binti wa Filbert.

Baba yako